Jeli ya mende ya bomba la sindano: kwangu ndo dawa namba moja, ila lazima ujue kuiweka

Jamani naandika hii kwasababu naona watu mtaani kwetu kila mwisho wa mwezi wananunua kopo la kupuliza, wanapiga nyumba nzima, wiki inayofata mende wako pale pale, na wakati dawa inayofanya kazi kweli ipo madukani, haina harufu, haikutoi nje ya nyumba na watoto masaa mazima, na unaiweka mwenyewe jioni moja ukamaliza. Nazungumzia ile jeli ya mende inayokuja kwenye bomba la sindano, unaminya inatoka kidogo kidogo. Nimeitumia kwenye nyumba ya kupanga hapa Dar, jiko lina makabati ya mbao yale ya kizamani, ukuta mmoja tunachangia na jirani, na naipa tisa kwa kumi. Hiyo moja nlioikata ntaisema huko chini.

Kwanini jeli na sio kupuliza, kwangu mimi ilianza na afya. Mtoto wa dada yangu anakaa kwangu na ana pumu. Mtu mwenye pumu mende wenyewe ni shida, kinyesi chao na mate na magamba wanayovua vikikauka vinakuwa vumbi, na hilo vumbi linaamsha pumu, hii imefanyiwa utafiti miaka mingi sio maneno ya mtaani. Lakini na dawa ya kupuliza nayo inambana kifua vilevile. Sasa utamlindaje mtoto? Kuna utafiti ulifanyika New Orleans kule Marekani ukatoka 2017, wale watu waliweka chambo cha mende tu (yaani chakula chenye sumu, kama hii jeli) kwenye nyumba za watoto wenye pumu, hawakubadilisha kitu kingine, wakawafatilia mwaka mzima, na hao watoto siku zao za kubanwa zikapungua kuliko za watoto ambao nyumba zao hazikuwekwa kitu. Chambo tu! Mi nilivosoma ile nikasema basi, hela ya makopo nahamishia huku.

Kabla hujanunua angalia kwanza una mende gani, maana hapa ndo watu wengi wanapoteza hela. Kuna wale wadogo wa kahawia, urefu kama sentimita moja na nusu hivi, nyuma ya kichwa wana mistari miwili myeusi inayoenda sambamba. Hao ndo wanaitwa mende wa Kijerumani na ndo wanaoishi ndani kabisa, wanazaliwa kwenye kabati lako na wanafia kwenye kabati lako. Jike anabeba kifuko cha mayai mkiani, kina mayai 30 mpaka 40, na anatembea nacho mpaka karibu na kutotoa ndo anakiacha, yaani mayai yanalindwa na mama mwenyewe ndani ya ufa. Na joto hili la kwetu vitoto vinakuwa wakubwa ndani ya miezi miwili mitatu, vinaanza kuzaa na vyenyewe. Hesabu mwenyewe.

Halafu kuna wale wakubwa wekundu wanaoruka ukiwasha taa watu wanakimbia, sentimita nne hivi. Wale makazi yao ni kwenye chemba, mitaro, shimo la choo, wanaingia kwako kupitia tundu la bafuni na chini ya mlango. Kwa hao jeli inasaidia ila sio dawa kuu, hao unafunika tundu za maji kwa wavu, unaziba mifuniko ya chemba vizuri na unaweka mpira chini ya mlango. Ukinunua jeli kwa ajili ya wale wa chemba utakuja kulalamika bure.

Sasa tatizo la kopo. Makopo mengi ya kupuliza yana dawa za kundi la pairethroidi, ukisoma lebo utaona majina yanayoishia na "thrini", saipamethrini, deltamethrini na wenzake. Zinaua, sikatai, yule uliempiga usoni anageuka miguu juu hapo hapo na roho yako inatulia. Lakini wale unaowaona ni wachache, wengi wamejibana kwenye nyufa na dawa haiwafikii, na kifuko cha mayai dawa haipenyi. Na hawa mende wadogo dunia nzima wamezizoea hizi dawa, vizazi na vizazi vimepuliziwa, waliobaki ni wale wasioshtuka. Tena ile harufu inawafukuza tu wanahama jikoni wanaenda chumbani, au wanapita kwenye tundu la bomba wanaingia kwa jirani, na jirani akipuliza wanarudi kwako. Na yale makopo unayoyafungulia katikati ya chumba yanajipuliza yenyewe ndo kabisa, watafiti wa chuo kikuu cha North Carolina State waliyajaribu kwenye nyumba za watu wakatoa majibu 2019, mende hawakupungua, kilichoongezeka ni sumu juu ya meza na sakafu. Nyumba walizoweka jeli mende walishuka sana. Mtu ana mtoto anatambaa halafu anafungulia kopo lile sebuleni, hapana jamani.

Jeli inavofanya kazi ni tofauti kabisa na ndo maana inahitaji uvumilivu. Ni chakula chenye sumu kidogo. Mende anakula, hafi hapo hapo, anarudi zake kwenye ufa kwa wenzake na anafia huko. Sasa mende wana tabia ya kula vinyesi vya wenzao, kula matapishi, kula hata maiti, na vile vitoto vidogo kabisa havitoki kwenda mbali kutafuta chakula, vinakula kinyesi cha wakubwa. Kwahiyo sumu aliyoibeba mmoja inaingia kwa wengine ambao hawajawahi kuigusa jeli yenyewe. Hicho ndo kitu ambacho kopo haliwezi kufanya hata upulize nyumba mpaka ukuta uchuruzike.

Kwenye lebo utakuta kimojawapo kati ya hivi, fipronili, imidaklopridi, indoksakabu. Zote ni nzuri kwa mende, fipronili ni ileile inayotumika hata kwenye dawa za viroboto vya mbwa na paka. Ile yangu ya kwanza ilikuwa ya fipronili.

Namna ya kuweka sasa, na hapa naomba msome taratibu maana mtu anaharibu dawa nzuri kwa kuiweka vibaya. Usiku zima taa zote za jikoni, kaa nusu saa hivi, ingia na tochi ya simu uone wanakimbilia wapi. Mchana angalia vidoti vyeusi vidogo vidogo kwenye kona za kabati na kwenye bawaba, hicho ni kinyesi chao na panapokuwa na vidoti vingi ndo nyumbani kwao. Hapo ndo unaweka. Tone moja saizi ya punje ya dengu, usiweke mstari mrefu wala usipake, matone madogo madogo mengi ni bora kuliko tone moja kubwa, kwasababu mende hapendi kwenda mbali, anataka akute chakula mlangoni. Mi niliweka kwenye bawaba zote za makabati, ndani ya reli za droo, chini ya sinki pale bomba linapoingia ukutani, nyuma ya friji karibu na mota maana pale pana joto na giza wanapenda mno, chini ya meza ya jiko, na nyuma ya saa ya ukutani. Ndio, saa ya ukutani, fungua ya kwako uangalie. Maikrowevu pia wanakaa kwenye miguu yake na nyuma ila usiweke ndani wala kwenye matundu ya umeme. Na usiweke karibu na plet za jiko, joto linaikausha, wala mahali maji yanapomwagikia.

Kosa kubwa nnaloliona kwa watu ni kuchanganya. Dada mmoja hapa jirani aliweka jeli asubuhi, usiku akaona mende wawili akatoa kopo akapuliza juu yake, ikawa basi, mende hawaisogelei tena ile jeli kwasababu inanuka dawa. Muuza duka la pembejeo nlipochukulia aliniambia wazi, "Dada, ukiweka hii kopo ulifungie kabatini, usije ukanirudia kwamba haifanyi kazi." Na amesema kweli. Mafuta ya taa vilevile, Jik vilevile, usifute nayo pale ulipoweka matone. Usafi unafanya kabla, unasugua mafuta yote nyuma ya jiko, unatoa makombo, unaacha pakauke, ndo unaweka jeli.

Na usafi wenyewe sio wa kupendeza wageni, una kazi. Ikiwa kuna sufuria ya wali imeachwa wazi na ndoo ya taka haina mfuniko, kwanini mende ale jeli? Mnyime chakula kingine. Lakini zaidi ya chakula mnyime maji, na hili watu hawalijui. Mende mdogo bila maji hata umwekee chakula kikavu anaishi kama wiki mbili tu, lakini jike akiwa na maji bila chakula anaweza kupitisha mwezi. Kwahiyo ile koki inayodondosha, fundi aje. Sinki lifutwe likauke kabla ya kulala, dekio lisiachwe na maji kwenye ndoo, sponji likamuliwe, lile sinia la maji nyuma ya friji limwagwe. Sisi wa Dar maji tunahifadhi kwenye madumu na mapipa, basi yafunikwe na sakafu chini yake iwe kavu.

Matokeo: siku chache za mwanzo utaona mende wanatembea mchana, wanayumba, wengine wamekufa katikati ya sakafu. Usiogope na usipulize! Ndo dawa inafanya kazi. Zoa, choma au tupa kwenye taka zinazotoka nje. Baada ya wiki mbili hivi kwangu jikoni palikuwa pametulia kabisa, nikiwasha taa usiku naona kimoja kimoja tena vitoto. Hapo sasa watu wanaacha, na hapo ndo hutakiwi kuacha, kwasababu kuna vifuko vya mayai vilivyobaki vitatotoa. Kagua matone yako, yaliyoliwa ongeza, yaliyokauka yakawa magumu kwangua weka mapya, na baada ya wiki tatu nne rudia mzunguko mzima. Mzunguko wa pili unatumia dawa kidogo sana.

Nlisema nimekata alama moja, sababu zake hizi. Kwanza sisimizi. Wale wadogo wa kahawia wanaipenda hii jeli balaa, nyumba yenye sisimizi wengi wanaimaliza kabla mende hajaiona, inabidi ushughulike na sisimizi kwanza, ziba njia zao na ondoa sukari. Pili inakauka haraka ukiiweka mahali penye upepo wa feni au jua la dirishani. Tatu nyumba za kupanga zenye vyumba mlango kwa mlango, ukiweka peke yako unapata nafuu ila wa jirani wanaendelea kuja, sisi tuliongea na mama wa upande wa pili tukachangia bomba moja, yeye akaweka siku ileile na mimi, na tofauti ilionekana. Wenye nyumba wengi hawataki kusikia habari za mende, ila wapangaji mkielewana mnaweza bila yeye.

Na jambo lingine, wadau, ukiona mende wanaipita tu jeli kama hawaioni, usikimbilie kusema ni feki. Inawezekana ni feki kweli, lakini kuna kitu kingine. Miaka ya 90 mwanzoni huko Marekani waligundua kuna mende wa Kijerumani wamekuwa hawataki sukari ya glukosi, ambayo ilikuwa inatiwa kwenye chambo, na 2013 watafiti walionyesha kwamba hao mende glukosi kwao wanaionja kama kitu kichungu, wanatema. Yaani waliokuwa wanapenda utamu walikufa na chambo, wakabaki wasioupenda, wakazaa wanaofanana nao. Kwahiyo dawa yake ni kubadilisha, kama ulitumia ya fipronili tafuta ya kampuni nyingine yenye indoksakabu au imidaklopridi, chakula chake kinakuwa tofauti na sumu inakuwa tofauti. Mimi mzunguko wa mwaka huu nimetumia ya imidaklopridi kwa sababu hiyo hiyo na wameila vizuri tu.

Ukitaka kuongezea nguvu kuna asidi ya boriki, unga mweupe, ni dawa ya zamani sana na mende hawajaweza kuizoea hivyo. Unanyunyiza kidogo mno, iwe vumbi ambalo hata hulioni vizuri, nyuma ya kabati, chini ya friji, kwenye tundu za mabomba. Mende akipita linamganda miguuni, akijisafisha analimeza. Ukiweka mafungu mafungu atazunguka kando, hapiti. Na likiloa halifanyi kazi. Usiweke juu ya meza wala ndani ya kabati la vyombo, mtoto akila ni sumu, usije ukasikia "ni ya asili" ukadhani ni unga wa ngano.

Sasa niwaambie nisichokipendekeza hata kwa dakika moja. Ile chaki ya mende inayouzwa na machinga kwenye foleni. Inafanana kabisa na chaki ya shule, mtoto anaiokota anachorea, anaweka mdomoni. Ndani yake ni zile zile pairethroidi, na Marekani mamlaka yao ya mazingira imeipiga marufuku kwa hilo hilo la watoto. Pili ni dawa za maji zinazouzwa kwenye chupa za soda au za maji ya kunywa, hazina lebo, muuzaji anakwambia "hii kiboko, hata panya." Hujui ni nini, inawezekana ni dawa ya shambani kabisa ambayo haikutengenezwa kuwekwa ndani ya nyumba, na mtu akinywa kwa bahati mbaya daktari hana hata jina la kuanzia. Kuna fundi wa kupiga dawa alikuja kwenye jengo letu na dumu la namna hiyo, nikamuuliza dawa gani hakuwa na jibu, kwangu hakuingia. Na hata hii jeli yenyewe, ikitokea mtoto ameila usimlazimishe kutapika, chukua bomba lenyewe lenye lebo ukimbie nalo hospitali.

Kwahiyo wakati wa kununua soma lebo. Iwe na jina la kiambata, yaani ile sumu yenyewe inayoua, asilimia yake, tarehe ya kuisha muda, na namba ya usajili. Kwa Tanzania anayesajili viuatilifu ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2020, zamani kazi hiyo ilikuwa ya TPRI, ile taasisi ya utafiti wa viuatilifu pale Arusha. Ndugu zetu wa Kenya angalieni namba ya PCPB, bodi yenu ya kusajili viuatilifu. Boksi lisilo na namba yoyote, maandishi yote ya lugha usiyoijua, liache. Mi nanunua duka la pembejeo na dawa za mifugo, sio barabarani, bei inapishana sana duka hadi duka hivyo uliza mawili matatu kabla hujatoa hela, lakini bomba moja la gramu 30 linatosha jiko na bafu kwa mizunguko miwili na linabaki. Lililobaki funga kifuniko chake vizuri, weka mahali pakavu pasipo na joto, juu ambapo mtoto hafiki, na sio kwenye friji ya chakula.

La mwisho ni kuzuia wasiingie upya, maana mende wadogo hawaji kwa kutembea barabarani, tunawabeba sisi. Maboksi ya dukani yale ya bia na sabuni tunayohamia nayo nyumba, kreti za soda, na vitu vya mtumba vya umeme. Friji ya mtumba hasa. Kabla hujaingiza ndani igeuze nyuma, fungua kile kifuniko cha mota, piga tochi, angalia na kwenye mpira wa mlango kote kuzunguka, ukiona vidoti vyeusi weka matone matatu manne ya jeli pale pale kwenye mota, iache barazani au stoo wiki moja mbili ukiangalia wanaokufa chini yake, safisha, ndo iingie jikoni. Na maboksi ukishatoa vitu peleka nje siku hiyohiyo, usiyaweke chini ya kitanda.